Kona Nne za Picha ya Dada Anande

Enzi zetu kupigwa picha lilikuwa jambo la kuogea na kuvalia viatu. Mlipakwa mafuta hadi magoti yang'ae, mkapanda basi kutoka Maji ya Chai hadi Arusha mjini, mkasimama mbele ya pazia lenye maua, na asicheke mtu. Vijana wa leo wanapiga picha sahani ya chipsi kabla ya kuila. Nyumbani kwetu picha ilikuwa moja tu, ya baba na mama.

Baba alikuwa fundi wa fremu. Kati ya picha na kioo aliweka kadi nene nyeupe aliyoikata dirisha katikati. Dirisha hilo hakulikata wima. Wembe aliulaza mshazari ndani ya kibao alichokichonga mwenyewe, ili ukingo uteremke taratibu kuelekea kwenye picha. Ugumu wote ulikuwa kwenye kona. Ukiishia mapema, kona inabaki imeshikana, ukiivuta inachanika na kutoa nyuzi. Hizo tuliziita ndevu. Ukipitiliza mno, unaacha mkwaruzo nje ya kona. Huo tuliuita mkia. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa bingwa wa vyote viwili.

Ndipo dada yangu Anande akaposwa Machame. Aliomba aondoke na kitu kimoja tu, picha ile ya wazazi, ikiwa ndani ya fremu nzuri. Binti aliyeingia ukweni na picha ya kwao hakuonekana kama ameokotwa njiani. Wiki ya harusi baba akajikata kidole gumba kwa msumeno. Mpaka wa Namanga nao ulikuwa umefungwa, na kadi zetu zilitoka Nairobi. Tulibaki na mbili, chini ya kitanda.

"Atakata huyu," baba alisema, akinielekezea bandeji yake.

"Huyu?" dada akasema. "Baba, huyu hata mkate anaukata kama anachimba choo."

Kadi ya kwanza niliiharibu. Ndevu kona zote nne. Nikasingizia wembe, na wembe ulikuwa mpya. Dada hakunigombeza. Aliishika ile kadi, akaitazama, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Afadhali angenizaba kibao.

Jioni nikakaa jikoni na mama tukipukuchua mahindi. Ilikuwa Julai, ukungu wa Meru umeshuka hadi mlangoni na nguo hazikauki. Mahindi yaliyotoka shambani karibuni yaling'ang'ania gunzi, punje zikipasuka. Yale ya darini, juu ya meko, yalidondoka kwa kuguswa tu. Nikaacha gunzi, nikaenda kuipapasa kadi iliyobaki. Ilikuwa baridi na laini kama nguo isiyokauka. Kosa halikuwa la wembe, wala la mkono wangu peke yake. Kadi ilikuwa imekunywa ukungu.

"Mama, naomba niiweke darini."

"Kitu cheupe kwenye moshi? Baba yako atatufukuza wote wawili."

Hata hivyo alivua kanga ya begani, tukaizungushia kadi, tukaibana kati ya mbao mbili isije ikajikunja.

Kesho yake nikaishusha. Ilikuwa imekakamaa, ukiigonga kwa kucha inalia. Nikailaza kifudifudi juu ya ile niliyoiharibu, nikabana rula ya chuma kwenye alama za penseli. Baba alisimama nyuma yangu.

"Anza nyuma ya alama kidogo. Pitiliza kidogo. Usirudie."

Nikakata pande zote nne, nikanyoosha mkono kutoa kipande cha katikati.

"Usivute. Kama imekatika, itaanguka yenyewe."

Nikainua kadi. Kipande kikaanguka sakafuni.

Baba alipitisha kidole kwenye kila kona, polepole. "Hapa sina la kuongeza," akasema. Kwa baba yule, hayo yalikuwa vigelegele. Dada alitoka na nywele zimesukwa nusu, akatazama, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi.

Siku ya harusi godoro na masanduku vilipakiwa nyuma ya pikapu. Picha dada aliipakata mwenyewe mbele, kioo kikielekea dirishani ili watu waione. Nikakimbia nyuma ya gari hadi barabara kuu, najiona kama ni mimi niliyeoa.

Mikono ile nilikuwa nayo, nikaiacha. Baada ya sekondari nilitaka kazi ya kukaa kwenye kiti, na kibao cha baba nikakiacha hadi kikawa kuni. Sikumfundisha mwanangu hata mmoja. Hilo kosa ni langu.

Juzijuzi mjukuu wangu wa Njiro aliolewa. Nilimuuliza ataondoka na picha ipi ya wazazi wake.

"Zote, babu. Ziko humu," akasema, akaitia simu kwenye pochi na kuvuta zipu.

Sisi tulikuwa na moja, na Maji ya Chai nzima iliiona ikipita.