Kadi za Mvua za Mokami

Kipima mvua cha kijiji cha Kisaka kilikuwa cha Mwalimu Simioni kabla hakijawa cha Mokami, mkewe. Watu wa hali ya hewa walimkabidhi mwalimu mwaka 1963, naye akakisimika uwanjani nyuma ya shule. Kila siku saa tatu asubuhi aliyamimina maji yake kwenye bilauri yenye mistari, akaandika milimita kwenye kadi. Alipofariki miaka mitano baadaye, hakuna aliyekuja kukichukua. Mokami alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na kazi ile ilimtosha. Kila mwisho wa mwezi alimpa dereva wa basi la Musoma kadi ya kupeleka posta, iende Dar es Salaam, na nakala akaibakiza kwenye daftari lake. Hakuwahi kujibiwa. Zilizorudi ni kadi tupu za kujaza tena.

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Makazi yaliyokuwa yametawanyika vilimani yakabomolewa, watu wakapangwa mistari kando ya barabara. Mgambo waling'oa kipima mvua pamoja na vitu vingine vya shule, wakakisimika upenuni mwa ofisi ya kijiji ili kisiibwe. Yalipopita manyunyu ya kwanza, maji ya bati yakakijaza hadi kikafurika. Mokami akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Kisyeri, akamweleza kwamba chombo kile lazima kikae peupe. Kisyeri alimjibu kwamba mvua ni mvua tu, iwe imeshuka moja kwa moja au imepitia kwenye bati. Ilimchukua wiki mbili za kwenda na kurudi kupewa ruhusa ya kukisogeza hatua ishirini.

Mwezi wa kumi na moja ikatoka amri wilayani: kila kaya ipande ekari moja ya mahindi kabla ya tarehe kumi na tano. Mokami alikuwa amepima milimita kumi na tisa tu tangu vuli ianze. Alipochimba kwa jembe, unyevu haukuzidi kina cha ukucha. Akachukua daftari akaenda nalo mkutanoni. Aliwasomea mwaka baada ya mwaka, akawaonyesha kwamba kila vuli ilipoanza kwa kusuasua namna hii, mahindi ya mapema yalikauka. Akaomba watu waruhusiwe kupanda mtama, au angalau wangoje.

Kisyeri hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Rhobi, mimi huko juu naulizwa ekari. Hakuna aliyewahi kuniuliza milimita."

Watu wakacheka, na mkutano ukaendelea na mambo mengine.

Mokami alipanda mtama nusu ya shamba lake. Mgambo wakaja wakaufukua, wakasimama pembeni wakimwangalia akidondosha mbegu za mahindi kwenye vumbi, shimo baada ya shimo. Mahindi ya kijiji kizima yaliota, yakatoa majani matatu, yakajikunja, yakafa. Ikaletwa mbegu nyingine mwezi wa kumi na mbili, nayo ikafa. Mwezi wa tatu Kisaka ilikuwa imepanga foleni ya unga wa msaada, wa mahindi ya njano. Watoto waliukataa siku ya kwanza. Siku ya nne hawakuwa na nguvu ya kukataa.

Hakuna aliyemwambia Mokami kwamba alikuwa amesema kweli. Badala yake, kwenye foleni ile, jirani aliyekuwa mbele yake alimwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba mvua itakujaje wakati kuna mtu anayeipima na kuimwaga kila asubuhi.

Katikati ya mwaka huo wa 1975 alifika kijana mmoja kwa pikipiki, Abdurahmani, mwenyeji wa Tanga, aliyetumwa na ofisi ya hali ya hewa kukagua vipimo vya mkoa. Alimsalimu shikamoo, akaomba kuona daftari. Alilisoma muda mrefu. Kisha akamwambia kwamba mbali sana, upande wa pili wa dunia, kuna bahari kubwa ambayo maji yake hupata joto miaka fulani na kupoa miaka mingine. Wataalamu walikuwa wanaanza kuona kwamba yakipoa, vuli ya huku mara nyingi hukatika. Yakipata joto, mara nyingi huzidi. Mwaka jana yalikuwa yamepoa.

Mokami hakuwa ameiona bahari yoyote isipokuwa ziwa pale Musoma.

"Mlilijua hilo kabla hatujapanda?" akauliza.

"Habari za huko hutufikia baada ya miezi, mama. Na hata sasa hatuna uhakika."

"Na kadi zangu?"

Abdurahmani aliinamisha macho. Akasema zipo, zimewekwa vizuri kwenye masanduku, ila bado hajapatikana mtu wa kuzijumlisha. Mokami akarudisha daftari lake kwenye mkoba. Alimpikia chai kwa sababu alikuwa mgeni, lakini hakuketi naye. Kabla ya kuondoka kijana yule aliahidi kwamba siku bahari ile ikibadilika, atamwandikia.

Aliitimiza ahadi yake miaka saba baadaye. Vuli ya mwaka 1982 amri ilikuwa nyingine: kwa kuogopa ukame, kila kaya ilime mihogo na mtama bondeni, karibu na mto. Mokami alilima kama wengine, kwani safari hii hata yeye hakuona kosa. Mvua ilianza mwezi wa kumi na haikutulia. Alipima milimita sabini na mbili siku moja, akadhani amekosea, akapima upya. Mto ukapanda bondeni, mtama ukalala, mihogo ikaozea ardhini.

Barua ya Abdurahmani ilimfikia mwezi wa pili. Iliandikwa mwezi wa kumi na moja, ikakwama Musoma kwa kuwa basi halikuwa na mafuta. Ilisema maji ya bahari ile yamepata joto kuliko ilivyozoeleka, wajihadhari na mabonde.

Aliipeleka kwa Kisyeri, akaiweka mezani. Mwenyekiti aliisoma mara mbili. Siku ya mkutano, kwa mara ya kwanza, alimwita Mokami mbele na kumpa kiti. Akawaambia watu kwamba kuanzia sasa kijiji hakitapanda kabla ya kusikia daftari linasemaje. Watu hawakucheka. Kisha akamgeukia.

"Basi tuambie, Mama Rhobi. Vuli ijayo itakuwaje?"

Mokami alisimama na daftari lake la miaka kumi na mitano mkononi. Yote yaliyokuwemo yalikuwa yameshanyesha. Ya mbele yalikuwa huko baharini, kwa watu wasiomjua, na barua zao zilihitaji basi lenye mafuta.

"Sijui," akasema. Akaketi, akawasikia watu wakianza kunong'onezana.