Siku Maharagwe Yalipoungua

Mwalimu mkuu aliponipigia simu kusema tunafungua, nilikuwa nimeinama juu ya beseni la nguo za watu. Shule yetu ilikuwa ya mtu binafsi, ya mabati, kule mtaa wa mabanda wa Silanga, na tangu korona ifunge madarasa hakuna mwalimu aliyepata mshahara. Mimi niliishi Kawangware. Asubuhi nilikuwa nakwenda kukaa kando ya barabara karibu na mageti ya mitaa ya matajiri pamoja na wanawake wengine, tukingoja kuitwa kufua. Nilikaa nimeinamisha uso, nikiogopa mzazi wa mwanafunzi asipite akanitambua. Nadhani mimi ni mmoja wa watu wachache walioishukuru barakoa.

Ilipasa nifurahi kurudi darasani. Badala yake nilimwaza baba. Baba yangu alikuwa amekuja kutoka magharibi mwa nchi kwa ajili ya kliniki ya kifua, akawa anakaa nami. Miaka mingi ya kuendesha kinu cha kusaga unga wa posho ilikuwa imemjaza vumbi mapafuni, na akikohoa ungedhani kuna mtu anaburuta kiti. Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia katikati. Sikuona ningewezaje kukaa mchana kutwa na watoto wanaokoholeana usoni kisha jioni nirudi kulala upande wa pili wa pazia lile.

Tulifanya mkutano kabla ya kufungua. Kila mwalimu alikuwa na lake. Mmoja alikuwa mjamzito. Mwalimu wa hisabati, mzee kuliko sisi sote, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ndiye aliyeuliza swali tulilokuwa tukilikwepa.

"Watoto wakae umbali wa mita. Sawa. Hiyo mita tutaitoa wapi?"

Tulitazama madarasa. Madawati yalikuwa yamebanana hata mtoto wa katikati akitaka kutoka lazima apande juu ya meza. Mwalimu mkuu akasema tutawapanga. Hakuna aliyemuuliza tutawapangaje.

Mimi nilizungumza kuliko wote. Nilitaka maji na sabuni langoni, nilitaka kipimo cha joto, nilitaka mtoto yeyote mwenye dalili arudishwe kwao kabla hajakanyaga uwanja. Nilisema siko tayari kumzika mzazi wangu kwa sababu ya kazi. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi mwalimu, lango ni lako."

Ndivyo nilivyopata kile kipimo chenye umbo la bastola, ambacho watoto walikiita bunduki. Walipanga mstari asubuhi, nikawaelekezea kwenye paji la uso mmoja mmoja. Niliwafundisha dalili, wakawa wanazitamka kwa pamoja kama shairi wakingoja kupimwa: homa, kikohozi, kukosa pumzi, kupoteza harufu. Nilikuwa mkali. Mtoto akipiga chafya mara mbili, nilimtoa mstarini. Mwanzoni ulikuwa woga tu, lakini baada ya siku kadhaa nikaanza kuipenda ile namna wazazi walivyonyamaza nikinyanyua mkono.

Kulikuwa na msichana mmoja wa gredi ya nne, darasa langu mwenyewe, ambaye pua yake haikukauka. Mama yake aliuza omena, vile vidagaa, sokoni Kisumu Ndogo. Nilipomrudisha mtoto kwa mara ya tatu, mama alikuja naye.

"Mwalimu, huyu ni vumbi tu. Amekuwa hivi tangu azaliwe."

"Sheria ni sheria, mama."

"Na mimi nikienda sokoni, nimwache na nani?"

"Hilo si la shule," nikamwambia.

Watu walikuwa nyuma yake kwenye mstari, wanasikia. Alimfuta mtoto pua kwa ncha ya leso, akamshika mkono, wakaondoka. Mtoto alirudi baada ya wiki, pua ikiwa vilevile, na safari hiyo nikampitisha kwa kuwa nilichoka kubishana.

Siku maharagwe yalipoungua nilikuwa nafundisha sehemu, nusu na robo. Niliandika ubaoni nikiwa nimewapa watoto mgongo, nikasikia minong'ono, kisha vicheko. Nilipogeuka, nusu ya darasa walikuwa wameziba pua juu ya barakoa.

"Ticha, kuna kitu inaungua," mmoja akasema.

"Andikeni," nikamwambia.

"Ticha, ni maharagwe. Inanuka vibaya."

Ndipo nikaona moshi. Ulikuwa ukiingia kupitia mwanya kati ya bati na ukuta, mweupe, mzito. Nje mpishi alikuwa analaumiana na mtu kuhusu nani aliyeachiwa sufuria. Walimu wa madarasa mengine walitoka wakipepea vitabu mbele ya nyuso zao. Mimi nilisimama pale katikati ya ule moshi, macho yananiwasha, na sikusikia harufu yoyote. Niliivuta pumzi tena, kwa nguvu. Nikashusha barakoa, jambo nililowakataza watoto kila siku, nikavuta tena. Nikanusa kiganja changu nilichokuwa nimekipaka sanitaiza muda mfupi uliopita. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa kioo.

Wakati huo wote watoto walikuwa wananitazama.

Yule msichana wa pua alikaa dawati la mbele. "Ticha," akauliza kwa sauti ya chini, "kwani wewe husikii?"

Walijua jibu wote. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaimbisha langoni. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyecheka. Dawati la mbele lilianza kurudi nyuma, taratibu, miguu yake ikikwaruza sakafu, kisha la pili likalifuata, hata nikabaki na nafasi kubwa mbele yangu. Mita ile tuliyoshindwa kuipata ilipatikana asubuhi hiyo, na walinipimia mimi.

Nilitoka nje nikasimama mbali na ofisi, nikamwita mwalimu mkuu. Nilimwambia kutoka pale kwamba sisikii harufu. Alitazama wazazi wawili waliokuwa langoni, kisha akasema, "Nenda nyumbani. Usiingie ofisini kuchukua mkoba, nitautuma." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza.

Sikutaka kupanda gari na kukaa karibu na watu, kwa hiyo nilitembea. Nilipita Kisumu Ndogo, katikati ya meza za omena, mahali ambapo siku zote nilikuwa nashika pumzi. Mama wa yule msichana aliniona.

"Mwalimu, mbona mapema leo?"

"Nina shughuli," nikasema, nikaongeza mwendo. Mtoto wake angemwambia jioni. Nilijua hivyo nikiwa bado sijafika barabarani.

Kwenye kituo cha afya walinipima, na majibu yakaja kama nilivyotarajia. Mhudumu alinieleza nijitenge nyumbani, kwenye chumba changu, nitumie choo changu. Nikamwambia chumba ni kimoja na choo ni cha ploti nzima, wapangaji wote. Alitazama pembeni, akarudia maneno yaleyale.

Siku ile niliyorudishwa nyumbani nilimwambia baba kutoka mlangoni. Nilimsihi aende kwa binamu yetu Dagoretti hadi nipone.

"Nani atakuletea maji?" akauliza.

"Nitajua, baba."

"Ingia ndani, mama. Unasimama nje watu wanakuangalia." Kwetu mzee humwita binti yake mama, kwa kuwa ndiye aliyebeba jina la mama yake. Nililisikia jina hilo maisha yangu yote, lakini siku ile nilishindwa kumtazama.

Aliisogeza meza ikawa mpaka pamoja na pazia, akafungua dirisha, akakaa upande wake. Homa ilinishika siku hiyohiyo.

Habari ilifika Kawangware sijui kwa njia gani. Msimamizi wa ploti alikuja akasimama mbali, akasema wapangaji wameomba nisitumie choo mchana wala nisisogelee mfereji wa maji. Nikawekewa ndoo. Na baba yangu, mwanamume ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akichota hata kikombe cha maji, alibeba mtungi akaenda kupanga foleni na wanawake. Nilimsikia kutoka kitandani. Walimuuliza binti yake anaumwa nini.

"Malaria," akasema.

Nilisikia mitungi ikisogezwa, wakampisha achote wa kwanza ili aondoke haraka. Alirudi anahema, akaweka maji, akachukua ndoo yangu iliyofunikwa akatoka nayo tena. Nilimwomba aiache hadi giza liingie. Akasema giza lina mashimo mengi. Nilijifunika blanketi hadi kichwani. Homa niliivumilia, na mwili niliuvumilia. Kile nilichoshindwa kukivumilia ni sauti ya viatu vyake vikienda chooni na uchafu wangu, polepole, akisimama njiani kukohoa, na milango ya majirani ikifungwa mmoja baada ya mwingine alipokuwa akipita.

Aliugua naye, kama nilivyoogopa. Kwa siku chache alipumua kwa shida hata nikaamka nikakaa upande wake wa pazia, kwa kuwa mpaka haukuwa na maana tena. Mungu alimhurumia. Alipopata nguvu alisema anarudi nyumbani, kliniki itamsamehe. Alipokwenda, mwanamke wa chumba cha pili aliniambia, kama mtu anayenisifu, "Mzee wako amekuosha kama mtoto." Nikasema ndiyo.

Darasa langu lilikuwa limefungwa kwa majuma mawili, na wazazi wengine hawakuwarudisha watoto hata baada ya hapo. Siku niliyorudi niliogopa kuliko siku ya kwanza. Kipimo kilikuwa mikononi mwa mwalimu kijana. Nilipanga mstari na watoto, nikainamisha paji la uso, akanipima bila kunitazama machoni. Mama wa yule msichana alikuwa pale amemleta mtoto. Nilijiandaa kwa maneno yoyote atakayosema, na nadhani nilitaka ayaseme.

"Umekonda, mwalimu," ndilo alilosema. Kisha akamsukuma mtoto mbele na kwenda zake sokoni. Nilikuwa nimeandaa msamaha wa kumwomba. Nilibaki nao mdomoni, na hata leo sijauomba, ingawa tumepishana mara nyingi.

Baada ya shule kufunguliwa kwa madarasa yote, si yale machache tuliyoanza nayo, mwalimu wa hisabati alinisubiri jioni moja nyuma ya madarasa. Alisimama mbali, kofia mkononi. Nilielewa kabla hajafungua mdomo.

"Wamenipima, wamenipata nayo," akasema. "Sijamwambia mkuu. Nimekuja kwako kwanza."

"Umekula dawa yako ya sukari? Unapumua vizuri?"

Akatikisa mkono kana kwamba hayo ni madogo. "Niambie kitu kimoja. Watu wa ploti walikufanyaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimweleza yote: ndoo, foleni ya maji, malaria ya baba, milango. Nilitazama chini nilipokuwa nasema, na nilipoinua macho nikaona naye ametazama chini. Mtu mzima wa miaka ile, aliyewafundisha hesabu watu ambao sasa ni wazazi wa wanafunzi wetu, alikuwa anasugua ukingo wa kofia yake kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mimi nakaa na wajukuu," akasema.

"Waambie leo, mwalimu. Usingoje waambiwe na mtu mwingine."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaelekea ofisini. Alilazwa, akapona, lakini hakurudi kufundisha. Wanawe walimpeleka kijijini. Darasa lake la saba nilipewa mimi kwa muda, juu ya langu. Siku ya kwanza niliingia nikaandika tarehe ubaoni, nikawauliza walikuwa wamefika wapi.