Nyama ya Wakimbizi pale Nanyala

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa vya kujisifia ninavyo: nina malori, nina bucha, nina nyumba ya wageni hapa Tunduma karibu kabisa na mpaka, na vyote nimevipata kwa mikono hii na darasa la pili la misheni. Nimeona maiti ikivushwa mpakani imevalishwa kofia na miwani, imekalishwa dirishani, na ndugu zake wanaikemea iamke imsalimie afisa. Sikushtuka. Lakini bizari ikizidi kwenye nyama, naondoka mezani mpaka leo. Katika jiko langu bizari haiingii. Wateja wakilalamika nawaambia waende kwa jirani. Harufu ile ikinipata popote nilipo, narudi Nanyala, kando ya barabara kuu, kiangazi kimoja cha vita vya Hitla, nikiwa mtoto wa meno yaliyong'oka mbele, nimesimama karibu na sufuria la serikali.

Kiangazi hicho walipita Wapolandi. Malori yalitokea upande wa Mbeya yamefunikwa turubai, na turubai lilipofunuliwa tuliona Wazungu ambao hatukuwahi kuwaona: wanawake na watoto na vizee, vumbi mpaka kwenye kope, wengine pekupeku, wengine wamejifunga miguu kwa vitambaa. Watu wa Nanyala walisimama midomo wazi. Mzungu tuliyemjua sisi hubebwa kwenye machela au hupanda gari na mbwa wake. Hawa walishushwa kama magunia. Tuliambiwa vita vimewafukuza kwao, wamezunguka nchi nyingi, na sasa wanapelekwa Rodesia wakatunzwe huko mpaka vita viishe. Serikali ikajenga mabanda ya nyasi ili wapumzike na kula, ikatangaza kwamba watu hawa wako chini ya ulinzi wake, atakayewadhuru atakiona. Kazi ya kuleta chakula alipewa baba mdogo Lazaro, mdogo wake baba. Kazi ya kupika akampa mama yangu. Baba alikuwa ameondoka kwenda kwenye migodi ya shaba na hatukupata tena hata salamu zake, kwa hiyo tulilala katika nyumba ya baba mdogo, tukala unga wa baba mdogo, na mama akamwitikia baba mdogo kila alichosema.

Sasa kwetu Unyihani mgeni hawekewi chakula hivi hivi. Mwenye chakula huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo humkaribisha. Asiyeonja ana lake jambo. Mama hakujua namna nyingine ya kumlisha mtu, basi lori la kwanza lilipofika alichota kwa upawa, akanywa mchuzi, akameza wazi wazi, akaonyesha kwa mkono: karibuni. Wale watoto walimwelewa upesi kuliko sisi tulivyotegemea. Nadhani huko walikopita walishapewa vyakula vya kila namna, hata vibovu. Ikawa ndiyo desturi ya kambi. Kila lori likifika wanajipanga na vikopo vyao, kimya, wanamtazama mama koo lake likipanda na kushuka, ndipo wanaanza kula. Hata msimamizi wa kambi, Mzungu mmoja mwenye ngozi nyekundu kama pilipili, alizoea kungoja.

Ng'ombe wa jirani yetu mmoja akafa mtoni. Nilimwona mwenyewe, kavimba, miguu imesimama juu, nzi wamejaa puani, na mbwa wanamzunguka kwa aibu. Wenye ng'ombe walisema wamfukie. Baba mdogo akawaambia wasijisumbue, atawaondolea uchafu huo bure, na wao wakamshukuru. Kesho yake nyama ikaletwa kambini kwenye debe, nyeusi, haikuwahi kutoka damu, imefunikwa majani ya mgomba. Kulikuwa na pakiti za bizari pia, nyingi, na vitunguu. Mama alinusa tu akarudi nyuma. Nilimsikia akimwambia shemeji yake kwa sauti ya chini kwamba hiki ni kibudu, hata mbwa wamekikataa, na wale ni watoto. Baba mdogo alikuwa anachokoa meno. Alijibu bila kumtazama: "Shemeji, hao wamekula panya huko walikotoka. Leo ndiyo watachagua nyama?" Akaongeza kwamba mwanamke aliyeachwa na mume hana ruhusa ya kuwa na pua. Wapagazi wakacheka. Mama akapika. Angefanyaje? Bizari ikatupwa humo mpaka moshi wenyewe ukawa wa njano, na chini ya ile bizari, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia, uvundo ulikuwepo.

Lori likaja. Wakashuka, wakajipanga, wakangoja. Mama akashika upawa, akachota, kisha akaushusha bila kuonja. Mbele kabisa alisimama mama mmoja mwembamba mwenye kilemba cheusi, ana watoto wawili wameshika sketi yake, na macho yake hayakutoka kwa mama yangu. Watu wakaanza kugeukiana. Msimamizi akauliza kuna nini, na baba mdogo akajibu mbio kwamba mpishi ana maringo. Ndipo mama akamnyooshea baba mdogo upawa mbele ya wote. "Shemeji," akasema, "chakula ni chako. Leo onja wewe."

Nilimwona baba mdogo akitabasamu. Tabasamu lile ndilo linalonitia kinyaa kuliko hata ile nyama. Hakukataa. Alinishika bega, akanivuta mbele, akasema: "Mimi nimeshiba. Mwanangu huyu ataonja kwa niaba yangu." Na kweli, kwa mila zetu mtoto wa kaka yako ni wako. Mimi nilijiona mkubwa. Nyama nilikuwa sijaigusa tangu Krismasi. Nikapokea upawa kwa mikono miwili, nikatia pande zima mdomoni, laini mno, likateleza kama kamasi, utamu wa bizari kwanza kisha kitu kingine ambacho sina jina lake. Nikameza. Mama alinirukia, akanishika kisogo, akaniingiza vidole kooni mbele ya Wazungu wote na sufuria lao. Nilitapika juu ya viatu vya baba mdogo.

Haikuhitaji mkalimani. Yule mwenye kilemba aliwarudisha watoto wake nyuma, na mstari wote ukarudi nyuma. Kisha akaja peke yake, akafungua kilemba, akanifuta mdomo nacho, akakikunja sehemu chafu ndani, akakifunga tena kichwani. Wakaondoka na njaa yao. Msimamizi akamfukuza mama kazi kwa uchafu, kwa kuruhusu mtoto atapike penye chakula. Baba mdogo alibaki na kazi yake. Jioni ile ile alitutolea vyungu vyetu nje, nasi tukashika njia kwenda milimani kwa wazazi wa mama, vita havikutugusa lakini tukawa wakimbizi.

Siku hizi wakimbizi wakipitishwa hapa Tunduma wana kadi, wana mahema, wana maafisa wa kuwaandika. Mambo yamepangwa vizuri, sikatai. Lakini wanaoshinda zabuni za maharage nawafahamu, wanakunywa chai kwangu, wanacheka jinsi maharage yanavyotembea yenyewe kwa wadudu. Nawahudumia na kinyaa changu.

Baba mdogo alikufa mwaka jana, miaka karibu arobaini tangu sufuria lile, mzee kabisa, chini ya mabati yake, na mzungumzaji msibani akasema marehemu aliwalisha wakimbizi wa vita kuu, Mungu amlishe naye. Watu wakaitikia amina. Mimi ndiye mtoto mwenye uwezo, kwa hiyo ng'ombe wa matanga alikuwa juu yangu. Binamu zangu walinishauri yuko mmoja wa bei poa, hasimami vizuri, lakini akiwahiwa leo leo anafaa. Nikawaambia wakae nacho kibudu chao. Nikaenda mnadani, nikachagua dume linalopiga watu teke, likaja kwa miguu yake mpaka uani, likachinjwa mchana kweupe mbele ya waombolezaji. Wakala, wakalamba vidole, bila bizari. Mimi sikugusa. Dume, kamba, na ushuru wa mnada: shilingi elfu mbili mia tatu na arobaini.