Wageni walivyoongeza fosfeti kwenye tanki langu la maji chumvi, na tulivyoishusha

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za mahangaiko.

Mimi nimeishia darasa la saba, mtanivumilia mwandiko. Ila sitii chumvi humu, chumvi yote iko kwenye tanki. Mwenye kubisha aje huku bara, mtaani kwetu Bagara, aulize kwa dereva mwenye samaki wa baharini.

Nilikuwa dereva wa lori. Breki zilikuwa mbovu na tajiri wangu Zakaria alijua, nilimwambia kwa mdomo wangu. Akanijibu, "Shuka nazo polepole."

Zikakatika mteremkoni, nikapata ajali. Nilitoka hospitali na mkono wa kulia umejikunja kama ngumi. Zakaria mpaka leo hajaja kunipa pole. Namtaja, na asome.

Mke wangu Mama Salma ni mtu wa Tanga, ana duka la vitenge hapa mjini. Alipoona nashinda nimegeukia ukuta, akamwomba kaka yake Omari, anayefuga samaki wa baharini Dar, atutafutie tanki. Chumvi maalumu inakuja na basi, maji tunakoroga wenyewe.

Ndani kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa, na kipande cha matumbawe hai kimeshika kwenye jiwe kama ua.

Asubuhi taa ikiwashwa, ua lile linafunguka taratibu, ncha moja moja.

Mama Salma akaniambia, "Baba Salma, na wewe fungua."

Ikawa ndiyo kazi yetu. Linafunguka, na mimi najaribu. Siku kidole cha shahada kilipocheza alilia, akasingizia vitunguu. Wala hatukuwa tunapika.

Baadaye mambo yakaharibika. Mwani wa kijani ukaota kwenye kioo, ukafunika jiwe. Taa inawashwa, ua limejifunga.

Na mimi nikaacha kujaribu. Nilijiambia, kama lenyewe limeshindwa, mimi nani.

Omari akatuma kipimo cha fosfeti. Unadondoshea dawa kwenye maji, yanageuka bluu. Bluu ikikolea ujue fosfeti imezidi. Yetu ilikuwa bluu ya sare ya shule.

Akapiga simu. "Shemeji, samaki mnawapa nini?"

"Kidogo tu, asubuhi."

"Haiwezekani. Hicho ni chakula cha harusi. Kisicholiwa kinaoza humo humo, kinatoa fosfeti, mwani unanenepa na matumbawe yanakabwa."

Nikakata simu nikatazama mlango. Wakuu, mnajua huku kwetu mgonjwa hajuliwi hali mara moja. Watu wanakuja na maziwa, na mayai, wanakaa. Maneno yakiisha wanageukia samaki. Siku zote nilikuwa nawaona, nikidhani ni wema tu.

Watuhumiwa nawataja. Mama Neema jirani, vipande vya maandazi. Shemeji yangu Hamisi, unga wa dagaa, tena anakuja nao mfukoni makusudi. Mzee Daudi wa Sigino, uji.

Mama Salma akamuuliza, "Mzee wangu, samaki wa baharini wanywe uji?"

"Wamenikodolea macho, mwanangu. Ningewanyimaje?"

Sasa mgeni aliyekuja kukuombea utamkatazaje? Mimi ningewafukuza wote. Mama Salma alikuwa na akili kuliko mimi. Aliusogeza mkono wangu hadi kwenye mto, karibu na kiti cha wageni, akawaambia, "Samaki wameshiba. Asiyejua mikono aiweke wapi, amnyooshe huyu vidole."

Wakaanza. Mzee Daudi anavuta huku anaomba.

"Kinauma?"

"Kinauma."

"Basi kipo hai. Tulia."

Kwenye tanki tukafuata ya Omari. Chakula kidogo sana. Maji ya bomba tukaacha, tukatumia ya kunywa yaliyochujwa, tunabadilisha kiasi kila wiki. Kwenye filta tukaweka chembechembe za kahawia zinazonyonya fosfeti, kidogo kidogo. Hamisi alitaka tumimine mfuko wote tumalize. Omari alimkemea kwenye simu, kwamba ikishuka ghafla matumbawe yanakufa kwa mshtuko.

Bluu ikapauka polepole. Asubuhi moja ua likatoa ncha moja, halafu nyingine. Mama Salma aliweka kikombe cha chai upande wangu wa kulia, akaenda zake dukani.

Nilikishika. Nusu ilimwagika, nusu nikanywa.

Nilichojifunza: waliotaka kuniulia matumbawe ni wale wanaonipenda, ilibidi tu waonyeshwe pa kuweka mikono. Na fosfeti haishuki kwa hasira. Nilijaribu hasira kwenye mambo mengine pia, haikushusha kitu.

Mwenye njia ya kutoa mwani uliong'ang'ania kwenye jiwe aseme hapa, nasoma zote. Nikichelewa kujibu ni kwa sababu naandika kwa gumba la kulia.

Na wewe Zakaria, kidole cha mwisho bado kimejikunja. Hicho nimewakataza wageni wasikiguse. Nimekuwekea wewe.