Siku Kilima Kilipomwangukia Baba

Nilipokuwa mtoto nilimwangushia baba yangu kilima. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, huku kwetu Embu. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani mwetu tukarundikwa katika kijiji kimoja chenye ua wa miti iliyochongwa na homu gadi, askari weusi wa serikali ya kikoloni, mlangoni. Watu wazima walipelekwa kazi ya lazima: kutoboa kilima ili maji ya mto yapite chini yake yaje upande wetu. Kundi moja lilichimba kutoka huku, jingine kutoka ng'ambo, na walitakiwa wakutane katikati. Baba ndiye aliyeaminiwa kunyoosha njia. Alivuta kamba kutoka mlangoni mwa handaki hadi kule ndani gizani, na mtu mmoja aliishika huku nje isilegee.

Mtu huyo alikuwa Wanja, binti wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Tulilingana kwa umri. "Wanja ana mkono mtulivu," baba alisema mbele yetu sote. Mkono mtulivu! Mimi niliyekuwa nikimchotea maji ya kuoga, mkono wangu ulikuwa na nini? Hasidi hana sababu, husema Waswahili, lakini mimi sababu nilikuwa nayo. Kila asubuhi nilipowaona wakiondoka pamoja, roho iliniuma hadi uji ukanishinda.

Cucu, nyanya yetu mzaa baba, aliliona hilo. Kwetu iliaminika kwamba anayemwonea mwenzake wivu humdhuru kwa jicho lake, yeye na watu walio naye karibu, asipomtemea mate kidogo kuliondoa.

"Igoki, mtemee mwenzako kabla hajatoka," aliniambia. "Jicho lako leo ni baya."

"Nimeshamtemea, cucu," nikadanganya. Kumtemea kulikuwa ni kumbariki. Nimbariki Wanja? Ng'o!

Siku hiyohiyo, jua likiwa utosini, Wanja alikuja mbio kijijini, viganja vinavuja damu. Kamba ilikuwa imevutwa ghafla ikamchana mikono. Kilima kilikuwa kimeporomoka, na baba yumo ndani.

Mama alipiga mayowe. Mimi nilikimbia na watu hadi kilimani, nikasimama karibu na wafukuaji nikitema mate chini mpaka koo likakauka. Niliapa: baba akitoka hai, sitamwonea mtu gere tena maishani mwangu.

Walimtoa jioni, mguu umevunjika, lakini pumzi ipo. Watu wazima walilia kama watoto. Nilijipenyeza katikati ya miguu yao, nikapiga magoti, uso wangu juu ya uso wake. Akafumbua macho.

"Wanja yuko wapi?" akauliza. "Kamba haikumwumiza?"

Na wivu ule ukarudi palepale, hata machozi sijayafuta.

Baba aliishi miaka mingi akichechemea. Alipokwisha kufariki, mzee mmoja aliyechimba naye alinieleza yaliyotokea. Nguzo za kushikilia dari ya handaki ziling'olewa wiki ile, zikapelekwa kuongeza ua wa kijiji. Wachimbaji walilalamika, wakafokewa na kurudishwa ndani. "Hata mtoto angejua kwamba pale pangeanguka," aliniambia, akinishika bega, maana alinionea huruma nilivyokuwa nikilia.

Ningepaswa kushusha pumzi. Badala yake nilimkasirikia mzee wa watu. Wanja alibaki na makovu viganjani, na baba aliyaangalia makovu hayo kwa upendo hadi mwisho wake. Mimi nilibaki na lawama tu. Niliitunza kwa siri maisha yangu yote, kwa sababu kati ya mambo yote ya baba, ni hilo peke yake ambalo Wanja hakuwa na fungu ndani yake. Sasa nalo nimenyang'anywa.