Kanzu Huvaliwa Baada ya Jibu

Siku yangu ya kwanza kazini sikumfundisha mtu chochote. Nilifika Handeni asubuhi na begi la nguo, nimetoka kwetu Mpale milimani, miguuni nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana. Nilitegemea kukabidhiwa ubao, chaki na darasa la makatekista. Paroko, yaani padri mkuu wa parokia, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniangalia miguu akasema, "Vua hivyo, vaa ndala. Unakwenda msibani."

Alinishusha kwenye kigango kimoja cha mbali, mwenyewe akaendelea na safari kwa mgonjwa. Kigango, kwa ninyi mliokulia mjini, ni kanisa dogo la kijijini lisilo na padri wa kukaa hapo. Padri hupita anapoweza, siku nyingine zote mzigo ni wa katekista. Yeye huwafundisha wakatekumeni, wale watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Huongoza ibada ya Jumapili. Mtoto akizidiwa na padri yuko mbali, ndiye anayeitwa kumbatiza kwa maji yoyote yaliyo karibu. Na mtu akifa, ndiye anayezika.

Nilimkuta katekista mzee amesimama nje, ukutani kwa nyumba ya wafiwa, peke yake, kanzu yake nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ndani wanawake walikuwa wanalia. Nikajiuliza mbona haingii. Baadaye akatoka kiongozi wa jumuiya, kile kikundi cha familia jirani wanaosali pamoja kila wiki. Mzee akamuuliza, "Marehemu alikuwa wenu?" Yule akajibu, "Alikuwa wetu." Hapo ndipo mzee alipotoa kanzu mfukoni, akaikung'uta, akaivaa.

Paroko alipopita kunichukua aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona mazishi.

"Hujaona," akasema. "Umeona watu wazima wanamngoja mtu mmoja aseme ndiyo. Kuna siku atasema hapana. Wafundishe na ya siku hiyo."

Utaratibu ule hauko kwenye misale, kitabu chetu cha ibada. Umekulia kwenye vigango vyetu wenyewe. Watu walichoka na mtu asiyekanyaga kanisani maisha yake yote, halafu akifa ndugu zake wanadai kengele na nyimbo. Kwa hiyo lazima jumuiya imtambue kwanza. Asiyesali nao, au anayeishi na mwenzake bila ndoa ya Kanisa, huzikwa na ukoo wake kimyakimya, na katekista hurudi nyumbani na mfuko wake. Mimi sikuupenda utaratibu huo tangu mwanzo na nilisema hivyo kwenye kila kikao walichonipa nafasi ya kusema. Waliniandika kwenye muhtasari na kuendelea na ajenda.

Kufundisha nilifundisha, tena vizuri, simwachii mtu sifa hiyo. Semina zetu zilikuwa ukumbini, na benchi ndilo lililokuwa jeneza. Kila mmoja alisimama mbele yake akasoma somo taratibu, mpaka mtu wa nyuma asiyejua kusoma alielewe. Nikimsikia mtu anahubiri kwa kukemea, nilimkalisha. Nilisema, wafiwa hawakukuita uwasomee makosa ya marehemu, wanayajua kuliko wewe. Halafu Handeni ni nchi ya Waislamu, na nusu ya waombolezaji huwa ni wao. Ndio wanaochimba kaburi pamoja nasi. Katekista mgeni nilimfundisha kuuliza kwanza nani amechinja, kabla hajauliza meza ya ibada iko wapi. Mnyama akichinjwa na mkono usiostahili, nusu ya msiba inalala na njaa na ujirani unaingia doa. Siku hizi wana projekta kwenye semina na bado wanalisahau hilo.

Baada ya miaka ya Handeni nilihamishiwa Korogwe, chini ya Mkurugenzi wa Katekesi, padri msomi aliyependa kila kitu kiwe na mada na mada ndogo. Huko ndiko nilikompata Anselmi. Alikuwa mkulima wa upande wa Mnyuzi, shamba lake limepakana na reli, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu waje wenyewe. Katika wote niliowafundisha, huyo ndiye aliyenijaza moyo. Alikariri masomo ya mazishi yote. Alitembelea wagonjwa bila kutumwa. Kosa lake lilikuwa moja, hakujua kulegeza.

"Mwalimu," aliniambia siku moja tulipobishana, "mimi nikimhurumia huyu nikamwacha yule, watasema nazika kwa kujuana. Sheria iwe moja, tulale usingizi."

"Na anayelia mlangoni je?"

"Nitalia naye. Lakini kanzu sivai."

Na hakuivaa. Alipofariki mume wa Mama Tekla, mwanamke wa kigango chake ambaye hakukosa ibada hata siku ya mvua, jumuiya ilisema marehemu hawakumjua. Kweli alikuwa ameacha kusali zamani. Mama Tekla alimfuata Anselmi nje, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu, mama mzima yule. Anselmi alimwinua, akalia naye kama alivyoniahidi, akarudi kwake na mfuko wake. Mzee wa watu akafukiwa bila hata ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata Mama Tekla alikuja kanisani, akakaa benchi lake lile lile. Lakini Anselmi akiongoza sala, yeye hakujibu tena. Mdomo aliufunga.

Kisha ikaja zamu ya nyumba ya Anselmi. Mwanawe Dominiki aliendesha bodaboda, na lori lilimpitia barabara ya Segera. Kijana mpole, lakini jumuiya alikuwa haiendei, na alikuwa akiishi na Mwanaidi, binti wa Kiislamu wa hapo hapo kijijini, bila ndoa ya msikitini wala ya kanisani. Wote tulilijua hilo. Nilipopigiwa simu nilikaa chini, maana nilijua kabla ya mtu yeyote kuniambia kwamba kijiji kizima kitakuwa kinatazama mfuko.

Sikwenda msibani kwanza. Nilikwenda kwa paroko wa Anselmi, nikamkuta ofisini.

"Padri," nikasema, "nenda wewe ukamzike yule kijana. Au niruhusu nimtume katekista mwingine. Baba yake hawezi kuuliza swali lile kuhusu mwanawe mwenyewe."

Padri alinivutia kiti. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. "Mwalimu, nikifungua mlango kwa mtoto wa katekista, Mama Tekla nitamwambia nini?"

"Mwambie tulikosea."

"Hilo siwezi kulisema peke yangu," akajibu. "Tulilete kikaoni."

Kikaoni. Mtoto amelazwa ndani, yeye anazungumzia kikao. Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo katika kazi yangu yote sikuwahi kumfanyia padri.

Nilipofika Mnyuzi, Anselmi alikuwa amesimama nje ukutani kwa nyumba yake mwenyewe, mfuko mkononi. Mke wake, Mama Dominiki, alikuwa amemshika mkono wa shati. "Baba Domi, ni mwanao," alikuwa akirudia. "Ni mwanao huyu." Nikamwambia Anselmi jibu la paroko, kwa sababu hapakuwa na njia ya kulizungusha. Akaitikia kwa kichwa. Kiongozi wa jumuiya akatoka, mtu aliyekula na Anselmi sahani moja miaka yote, akasimama mbele yake ameinamisha macho.

Anselmi akamuuliza kama alivyowauliza wote. "Marehemu alikuwa wenu?"

Yule bwana alijaribu kusema akashindwa. Machozi yakamtoka. Nilimwombea kimoyomoyo aseme uongo. Mwisho akatikisa kichwa.

"Haya," akasema Anselmi. Akanipa mfuko nimshikie, akaenda kubeba jeneza.

Tulikwenda makaburini bila wimbo. Mmeshawahi kusikia msafara wa mazishi ya Wakristo usio na wimbo? Mnasikia kila ndala. Jeneza likateremshwa, udongo ukarudishwa, Anselmi naye akishika koleo pamoja na vijana wa Kiislamu waliochimba. Walipomaliza, wote wakasimama wakingoja. Mama Dominiki alikuwa amekaa chini, hana tena sauti.

Mzee Saidi, babu yake Mwanaidi, ndiye aliyesogea. "Mwalimu Anselmi," akasema polepole, "mbona kimya?"

"Mzee wangu, kwa utaratibu wetu huyu hatuna la kumsomea."

Mzee Saidi alimtazama, akautazama udongo. "Utaratibu wenu siuingilii," akasema. "Na ya kumsomea yeye si yangu mimi. Lakini hawa waliobaki wanahitaji subira, na kuwaombea wafiwa hakuna aliyekataza. Mtaniruhusu?"

Anselmi akasema, "Tuombee, mzee."

Yule mzee akainua viganja vyake. Aliomba kwa Kiswahili, maneno machache tu, Mungu ampe subira mama huyu, ampe subira baba huyu, ampe subira mjukuu wake, asiwaache peke yao. Akashusha viganja. Nikasikia sauti ya kwanza iliyosema amina, sauti ya mwanamke. Alikuwa Mama Tekla. Alikuja akakaa chini kwenye udongo, akamkumbatia Mama Dominiki, akasema amina tena, kwa nguvu, huku anamtazama Anselmi usoni. Haikuwa msamaha, na wala haikuwa kumcheka. Alikuwa anamwonyesha jinsi kilivyokuwa kidogo kile ambacho Anselmi alimnyima.

Anselmi hakurudi kwangu kuchukua mfuko wake. Nilimfuata mara nyingi arudi kazini. Mara ya mwisho alinijibu akiwa anapalilia mahindi yake, hakuacha hata jembe. "Nitawafundisha nini, Mwalimu? Nilichokijua nimekizika pale." Mpaka leo anakwenda ibada, anakaa benchi la nyuma kabisa. Lile jambo lililetwa kikaoni, likajadiliwa, likapelekwa kikao kijacho.

Mimi nimestaafu, ninaishi Korogwe ya zamani, si mbali na mto. Makatekista vijana hunitembelea, shikamoo bibi, marahaba, wanataka niwaeleze namna ya kupanga semina. Nawaeleza. Wakimaliza nawaonyesha kanzu ya Anselmi, ambayo huwa naifua na kuipiga pasi, na nawasimulia haya. Wengine husikitika, kisha huniuliza sasa wao wafanye nini. Nawaambia wavae kanzu kabla ya kuuliza. Wanatabasamu kwa adabu, na najua wakifika vigangoni watasimama ukutani wakingoja jibu.

Jumuiya yangu inanijua vizuri. Sikosi sala hata magoti yanaponiuma, na juzi kiongozi wetu amenihakikishia kwamba siku yangu ikifika nitazikwa na kwaya nzima, padri na ubani. Nilimshukuru. Alipoondoka nikafunga mlango, nikalia.