Harusi ya Chilangala na Laini ya Majaribio

Ubishi wetu ulianzia Masasi, mezani kwa mama yangu, chai ikiwa bado ya moto. Mimi nilikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Mwenzangu alikuwa mhandisi wa kampuni ya simu, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Chuo na kampuni vilikuwa vimeungana kuchunguza kwa nini simu zinakatika katikati ya mikorosho. Kampuni ilileta mlingoti wa kukunja na mitambo, chuo kikanileta mimi.

"Tupime wiki hii, tuandike, tujenge mnara," alisema.

"Na mvua?" nikamuuliza. "Jani likilowa linameza mawimbi. Lazima tupime wakati wa masika pia."

"Dada, wakubwa zangu hawangoji masika."

Mama akamwongeza kiazi, akasema, "Baba, kula kwanza." Basi tukapanda Newala hatujakubaliana.

Kijijini Chilangala tulifikia kwa mama mmoja mkulima wa korosho, aliyekuwa akimwoza binti yake wa kwanza siku chache mbele. Uani kwake kulikuwa na mchele wa kupepetwa, nazi za kukunwa, na mashangazi waliokuwa wakinituma kama mtoto wa nyumbani. Asubuhi nilipima mawimbi shambani, mchana nilikuna nazi.

Siku ya harusi tulisimamisha mlingoti nyuma ya nyumba. Shehe amefika, bwana harusi amefika, kanzu imenyooka. Baba wa bibi harusi hayupo. Alikuwa amekwenda Lindi kumchukua dada yake, na gari likawaharibikia Nanganga. Simu za kijijini hazikupatikana, basi alimpigia mwenye duka mjini Newala, naye akatuma bodaboda alete habari.

Mama mwenye nyumba akaketi kwenye kinu kilicholazwa. "Nani atamwoza mwanangu?"

"Akimpa mdogo wake huyu aliyepo hapa uwakili wa kumwoza, inatosha," shehe alisema. "Lakini nimsikie mwenyewe, na mashahidi wamsikie. Na mimi nina harusi nyingine alasiri."

Macho ya uani yakahamia kwenye mlingoti wetu, kisha kwetu. Mhandisi akanivuta pembeni. Mkataba ulisema laini za majaribio, kama ile ya mlingoti wetu, ni za vipimo tu.

"Basi tupime," nikamwambia. "Mimi nasoma kompyuta, wao wanaongea. Hicho si kipimo?"

Alicheka, lakini hakuridhika mpaka alipompigia mkuu wake Dar es Salaam, kwa laini hiyo hiyo, na kumweleza yote. Nilisikia upande wake tu: "Ndiyo, mzee. Harusi, mzee. Sawa, mzee." Akakata simu.

"Amesemaje?"

"Amesema ikikatika mbele ya shehe, tusitaje jina la kampuni."

Simu ikawekwa juu ya mkeka, sauti imefunguliwa. Shehe akasalimia, baba akaitika kutoka Nanganga, kuku na malori vikisikika nyuma yake. Shehe akamuuliza maswali ya kuhakikisha kuwa ni yeye, na mashahidi wakakubali kwamba sauti ni yake.

Hapo hapo mvua ikaanza, ile ya kwanza ya msimu. Mikorosho iliyokuwa kati yetu na mnara wa Newala ikalowa mara moja, na mstari wa mawimbi kwenye kompyuta yangu ukaanza kuporomoka.

"Mdogo wangu," baba alisema, "nimeku..."

Kimya.

"Umemfanya nini?" shehe akauliza. Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mama wa bibi harusi na mimi.

"Pandisha mlingoti!" nikapiga kelele. Mhandisi alikwishakimbia, viatu mkononi, suruali imepakwa tope. Wajomba wa bwana harusi wakamshikia kamba huku kanzu zimefungwa viunoni. Mlingoti ukapanda taratibu juu ya majani, na mstari nao ukapanda.

"...nimekuwakilisha umwoze binti yangu! Mnanisikia? Umwoze!"

"Tumekusikia!" uwanja mzima ukajibu, na vigelegele vikafunika mvua. Nilijikuta nikipiga vya kwangu, machozi yananitoka, kompyuta nimeikumbatia isilowe.

Tulikula pilau tukiwa tumeloa. Mhandisi aliuangalia mchoro wa mawimbi kwa muda mrefu, akageuza kompyuta, akauangalia tena.

"Jani lisilolowa na jani lililolowa ni vitu viwili," alisema mwishowe. "Nitawaambia tunabaki mpaka masika."

Tulibaki. Tulipima mikorosho ikiwa mikavu na ikiwa imelowa, tukagombana kuhusu kila ukurasa wa ripoti. Mnara ukajengwa ukingoni mwa uwanda, mrefu kuliko kampuni ilivyokusudia. Baba aliyekwama Nanganga aliingia siku ya pili ya harusi na dada yake, akapokewa kwa ngoma upya, na chakula kikapikwa upya. Bibi harusi hunipigia mara kwa mara akiwa shambani, anaokota korosho, tunaongea mpaka achoke mwenyewe.